Miavuli ya magunia

Babu yangu mzaa mama alikuwa na uongo mmoja ambao ukoo mzima ulikuwa umeukariri. Alisema kule Bama (Burma, Myanmar ya leo), kwenye vita vya Mjapani, walikuwa wakishushiwa chakula kutoka angani kwa miavuli ya magunia. Si hariri, si nailoni. Magunia, haya haya ya kutilia mahindi. Wajomba walikuwa wakikonyezana kila alipofika hapo. Siku moja mjomba mkubwa, ambaye shule kidogo aliyosoma ilikuwa imempanda kichwani, akamuuliza mbele ya wageni: "Na hizo ndege zenyewe, baba, zilikuwa za majamvi?" Watu wakaangua kicheko. Mzee akaendelea kuchokonoa kiko chake kwa msumari kama hakusikia.

Babu alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, katika batalioni mojawapo ya Tanganyika. Walipakiwa meli Kilindini, wakakaa Ceylon wakifundishwa kupigana msituni, na katikati ya mwaka 1944 wakajikuta ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakiteremka bonde la Kabaw mpakani mwa India na Burma huku mvua za monsuni zimechachamaa. Kuhusu mapigano hakuwa msemaji. Alichosimulia ni matope, ruba, na zile alizoziita ndege za posho. Ziliandikwa nini ubavuni hakujua, kwa sababu hakuwa anajua kusoma wakati ule. Alijua tu mlio wake. Aliuiga vizuri mno, na sisi wajukuu tulikuwa tunamwomba auige hata kama hatukuwa tunaamini yanayofuata.

Alifariki nikiwa sekondari. Sikumfikiria sana tena mpaka nilipokwenda Uholanzi kusoma, Wageningen, mji ambao kila bwana shamba wa Tanzania ama amesoma ama ana rafiki aliyesoma. Jumapili moja, hali ya hewa ikiwa imenihurumia, nilichukua baiskeli nikafuata njia ya mashariki hadi Oosterbeek, karibu na Arnhem. Kuna makaburi ya vita pale. Mawe meupe, nyasi zimekatwa kama nywele za mwanafunzi, na kimya kinachokufanya ushushe sauti hata kama uko peke yako. Nilisimama kwenye jiwe moja kwa sababu tu lilichongwa nishani: msalaba, Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. D. S. A. Lord, rubani, umri miaka 30, tarehe 19 Septemba 1944.

Nilidhani ni rubani wa ndege za kivita. Sote hudhani hivyo. Kumbe alikuwa dereva wa lori, lori lenye mabawa.

Tarehe ile ilikuwa siku ya tatu ya vita vya Arnhem. Askari wa miavuli wa Uingereza walikuwa wamezingirwa, risasi zinawaishia, na Dakota, ndege za kubebea mizigo, zikatumwa kuwadondoshea mizigo. Ndani ya Dakota ya Lord, namba KG374, walikuwemo watu wanane: wanne wa jeshi la anga, na wanne wa jeshi la nchi kavu ambao kazi yao ilikuwa moja, kusukuma makasha nje ya mlango. Mizinga ikalipata bawa la kulia na injini ikashika moto. Angeweza kuwaambia watu waruke. Badala yake akashuka mpaka futi 900, akanyoosha ndege, mizigo ikaanza kutoka. Akaambiwa makasha mawili yamebaki. Akazunguka na kurudi juu ya mizinga ile ile, bawa linawaka, hadi makasha mawili yakatoka. Dakika nane jumla. Ndipo akawaambia waruke, naye akabaki ameishikilia ndege isipinduke. Bawa likakatika. Harry King, mwongoza njia, alikuwa akiwasaidia wenzake kuvaa miavuli akarushwa nje, na ndiye pekee aliyenusurika. Akatekwa. Kwa hiyo habari yenyewe haikujulikana mpaka aliporudi kutoka kambi ya mateka mwaka 1945.

Na kile kiwanja walichokuwa wakikidondoshea kilikuwa tayari mikononi mwa Wajerumani. Waliokuwa chini hawakuwa na njia ya kuwaambia waliokuwa juu. Nilipokuja kulisoma hilo nilikaa nalo siku kadhaa. Makasha mawili.

Jioni ile chumbani nikaanza kumtafuta huyu Lord alitoka wapi. Alizaliwa Cork, Ireland. Aliwahi kupelekwa Valladolid, Hispania, kusomea upadri, akaona si wito wake. Akafanya kazi kwa mpiga picha, na mwaka 1936 akajiunga na jeshi la anga kama kuruta wa kawaida. Alipopata ubawa wa urubani akapelekwa India, kwenye Kikosi cha 31. Hapo ndipo kiti changu kilipoanza kunibana, kwa sababu Kikosi cha 31 ni kikosi cha Burma.

Kiliundwa mwaka 1915 na mwisho wa mwaka huo huo kikatua India, kikawa kikosi cha kwanza cha ndege za kijeshi kule. Wito wao wa Kilatini unajivunia hilo: wa kwanza katika anga la India. Vita Kuu ya Pili ilipoanza walikuwa na madude yaitwayo Valentia, ndege za mabawa mawili ya ghorofa ambazo upepo wa mbele ukizidi zinakuwa kama zimeegeshwa. Mwaka 1941 wakapewa DC-2, ndege za abiria kabisa. Aprili ile ile, Iraki ilipochafuka, wakasomba askari wapatao 400 wa kikosi cha King's Own kutoka Karachi hadi Shaibah, karibu na Basra. Katika vita hiyo Uingereza haikuwa imewahi kupeleka batalioni vitani kwa ndege namna ile. Leo tunaona ni jambo la kawaida, lakini fikiria afisa wa wakati ule, aliyezoea kwamba jeshi husafiri kwa meli na miguu, anaambiwa batalioni imeshafika.

Kisha ikaja 1942, Wajapani wakaimeza Burma kwa miezi mitano. Kikosi cha 31 kilikuwa kinaingia na dawa na risasi, kinatoka na watu. Ndege iliyotengenezwa kwa abiria wasiozidi 21 ilikuwa inanyanyuka na 50, 60, wamesimama kama daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni. Mwanzoni mwa Mei, Myitkyina, kiwanja cha mwisho kaskazini, kilishambuliwa kutoka angani wakati ndege zao ziko chini zinapakia wakimbizi. Pamoja na yote hayo, zaidi ya watu 8,000 walitolewa Burma kwa ndege za Waingereza na Wamarekani kabla mlango haujafungwa. Wengine, maelfu kwa maelfu, walitoka kwa miguu kupitia milimani, na ndege zile zile zikawa zinawafuata na kuwadondoshea mchele. Nadhani hapo ndipo kikosi kilipojifunza kazi yake halisi, juu ya vichwa vya wakimbizi, kabla hakijawadondoshea askari.

Mwaka uliofuata Brigedia Wingate wa Uingereza aliingiza askari 3,000 nyuma ya Wajapani bila barabara wala reli, kila kitu kitoke juu. Wengi hawakurudi. Mwishoni mwa Aprili 1943 kundi moja lililochoka lilikuta uwazi msituni. Likakata vitambaa vya miavuli na kupanga maandishi ardhini: ndege itue hapa sasa. Rubani Michael Vlasto wa Kikosi cha 31 aliyaona. Akatua Dakota kwenye mbuga ile ambayo hakuna aliyeipima, akapakia wagonjwa na majeruhi waliokuwa hoi kabisa, akang'oka na kuziponea chupuchupu ncha za miti. Waliobaki waliitazama ikiondoka, wakajitwisha mizigo, wakaendelea kutembea.

Lord naye alikuwepo katika safari hizo za 1943, akapewa nishani yake ya kwanza. Mwanzoni mwa 1944 alikuwa amesharudi Uingereza. Alikwenda Arnhem na ujuzi wa Burma mikononi.

Sasa niseme kidogo jinsi kazi yenyewe inavyofanyika, kwa sababu nilipoielewa ndipo nilipomwelewa Babu.

Dakota ina mlango ubavuni kushoto, nyuma. Kabla ya kuruka mlango unang'olewa, unabaki uwazi na upepo. Mzigo ni kama tani tatu hivi. Huwezi kuutupa wote mara moja. Kiwanja cha kudondoshea huwa kidogo, pengine konde tu la mpunga katikati ya vilima, na ndege inakivuka kwa sekunde chache. Basi rubani anapita, kengele inalia, wasukumaji wanasukuma gunia mbili tatu, kengele tena, acha. Anazunguka bonde zima na kurudi. Tena. Na tena. Kila raundi iko chini, iko polepole, iko kwenye njia ile ile, na ndege haina hata bunduki moja. Adui aliyekosa shabaha raundi ya kwanza anapewa nafasi ya pili, ya tano, ya nane. Wasukumaji wengine walikuwa wanalala chali sakafuni na kusukuma kwa miguu, maana mikono huchoka upesi. Watu wanaandika vitabu vizima juu ya marubani wa Spitfire, zile ndege za kivita. Huyu aliyelala chali, visigino vinamchubuka kwenye gunia la chumvi, mlango wazi, sijawahi kuona sanamu yake mahali popote.

Mjapani mwenyewe hakuwa hatari kubwa kuliko zote. Mawingu ndiyo yaliyokuwa hatari. Wakati wa monsuni hujengeka juu ya vilima vya Chin mawingu meusi ya kwenda juu kama minara, na ndani yake upepo unapanda na kushuka kwa nguvu ya kuweza kupindua ndege au kuivunja. Rubani wa posho hawezi kusema leo nitabaki nyumbani, maana chini kuna watu hawajala tangu juzi.

Mbinu ya Wajapani tangu 1942 ilikuwa moja na ilikuwa inafanya kazi: zunguka nyuma, kata barabara, subiri. Jeshi lililokatiwa barabara hurudi nyuma kwa hofu ya njaa, na linaacha maghala yake. Februari 1944, kule Arakan, pwani ya Burma, walifanya hivyo hivyo. Safari hii waliozungukwa wakakaa. Ndege zikaja kila siku. Waliozunguka ndio walioishiwa chakula kwanza.

Mwezi uliofuata ukawa wa vurugu tupu. Maelfu ya watu wa Wingate waliingizwa Burma kwa ndege usiku, wapatao 9,000 kwa siku chache, pamoja na wanyama zaidi ya 1,300, wengi wao nyumbu (baghala, si wale wa Serengeti) waliosimama ndani ya Dakota kwenye vizuizi vya mianzi. Wakati huo huo Wajapani wapatao 85,000 walikuwa wanavuka kuelekea Imphal na Kohima, miji ya India karibu na mpaka wa Burma. Divisheni ya 5 ya India, iliyokuwa vitani Arakan, ikapakiwa kwenye ndege na mizinga yake na baghala wake, ikashushwa kwenye vita vingine. Barabara ya Imphal ilikatwa mwishoni mwa Machi, ikafunguliwa Juni 22. Katikati ya hapo mji na jeshi zima liliishi kwa mlango wa ndege. Ziliingizwa tani karibu 19,000 za vitu na askari 12,000 na ushei. Walitolewa majeruhi na wagonjwa wapatao 13,000, na watu wasio wapiganaji 43,000 ili vinywa vipungue. Na sigara zaidi ya milioni 43, ambazo mtu wa hesabu angesema zingeachwa, lakini mtu wa hesabu hajawahi kukaa kwenye handaki.

Mutaguchi, jenerali wa Kijapani, alikuwa amewafungia watu wake chakula cha wiki tatu. Kingine wangekila kwenye maghala ya Waingereza. Zaidi ya 50,000 kati yao ama walikufa, ama waliumia, ama hawakuonekana tena, wengi kwa njaa na magonjwa njiani kurudi.

Njia hiyo ya kurudi ilipita bonde la Kabaw. Na nyuma yao, Agosti, akiwa na bunduki na koti la mvua lisilozuia mvua, alikuja Babu.

Barabara ya bonde lile ilikuwa barabara ya kwenye ramani. Magari yalizama mpaka milangoni. Divisheni ya 11 ikaishi kwa ndege za RAF, jeshi la anga la Uingereza, na za Wamarekani, kutoka Tamu hadi Kalemyo walikofika katikati ya Novemba, na Kalewa mwanzoni mwa Desemba, pale lilipojengwa lile daraja la vyuma la futi 1,154 juu ya mto Chindwin. Waruhiu Itote, ambaye baadaye Kenya nzima ingemjua kwa jina la Jenerali China, alikuwa Keya katika vita hivyo vya Burma. Naye bila shaka alitazama juu kama Babu.

Babu alisimulia kwamba si kila kitu kilikuja kwa mwavuli. Mchele, chumvi, chakula cha wanyama, vilitupwa hivi hivi. Gunia ndani ya gunia, la nje likiwa limelegea, ili la ndani likipasuka mchele ubaki. Ndege inashuka mpaka futi 200 hivi na gunia linakuja kwa mwendo wa ndege. Walikuwa wanaambiwa wakae kando ya konde mpaka raundi ziishe. Mwenzake mmoja, Mbena, aliona gunia limepasukia mbali akakimbilia, hakujua kuna raundi nyingine. Babu hakuwahi kumaliza sentensi ile. Alikuwa anasema, "Likamkuta," kisha anaomba maji.

Sasa miavuli. Hilo nilikutana nalo usiku wa manane, chai imepoa, na nilisimama kabisa.

Burma ilikuwa vita ya mwisho kwenye foleni. Vizuri vyote vilikwenda Ulaya kwanza. Jenerali William Slim, kamanda wa Jeshi la 14 la Waingereza kule Burma, aliona kwamba miavuli ya kudondoshea mizigo haitoshi na haitatosha. India haikuwa na hariri ya kutosha, ila Calcutta ilikuwa na viwanda vya juti, ile nyuzi ya magunia, vikubwa kuliko popote duniani. Slim na mkuu wake wa ugavi, Snelling, wakawaendea wenye viwanda moja kwa moja na kuwauliza: mnaweza kunishonea mwavuli wa gunia? Wakajaribu. Mwavuli mzima, kitambaa na kamba zake, ukawa wa juti. Haukufaa kumshusha mtu, lakini kwa mizigo ulifanya kazi karibu sawa na ule wa kawaida. Gharama yake ilikuwa kama pauni moja badala ya 20. Wakauita kwa jina la kuunganisha mwavuli na juti, wakautengeneza kwa wingi. Slim akakaripiwa na wakubwa kwa kutofuata taratibu za manunuzi. Sehemu hiyo ilinichekesha mno. Nimefanya kazi serikalini.

Magunia, basi. Haya haya.

Nilitamani mjomba mkubwa awe hai. Sikuwa na namna ya kumwambia mtu yeyote saa ile. Iringa ilikuwa saa kumi alfajiri.

Kikosi cha 31 kiliendelea mpaka Rangoon ilipokombolewa Mei 1945, na Japani iliposalimu amri wakapelekwa Java, kwenye vita ambayo haikuwa yao, Waindonesia wakidai uhuru kutoka kwa Waholanzi. Novemba 1945 Dakota yao moja ilianguka karibu na Bekasi ikiwa na askari wa Kihindi. Walionusurika kwenye ajali waliuawa chini, na Waingereza wakalipiza kwa kuuchoma mji. Sipendi kulipita hilo haraka, lakini sina la kuliongezea. Mwaka 1946 kikosi kilivunjwa kule kule Java. Kimefufuliwa mara kadhaa tangu hapo, na mwaka 2023 kimefufuliwa tena, safari hii kikirusha ndege zisizo na rubani ndani. Hakuna wa kulala chali.

Nilimpigia mama simu kukipambazuka. Nikamweleza yote: Calcutta, juti, pauni moja. Alinisikiliza bila kunikatisha, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akauliza kama miavuli hiyo ilikuwa na vitundu vya kamba pembeni. Nikasema lazima ilikuwa navyo, kamba zingefungwa wapi.

"Basi ni lile la bibi yako," akasema. "La kuanikia ulezi. Tulikuwa tunamuuliza mbona gunia hili halina mdomo, anasema muulizeni baba yenu."

Nikamuuliza liko wapi sasa.

"Panya, mwanangu. Zamani."

Tukanyamaza wote wawili kidogo. Kisha akaanza kuuiga mlio wa ndege, kwa sauti ya chini, na akaupatia.